Mchoro wa Pamoja wa Kufundishia Vijana Biblia: Seti za Kuchapa, Ukanda wa Kitambaa na Mozaiki

Mradi wa sanaa wa kundi huja na sifa nyingi. Vijana wanaufurahia, ukumbi unapendeza, wazazi wanapiga picha. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na bado kijana akarudi nyumbani na Biblia ileile aliyokuja nayo kichwani. Ndiyo maana katika tathmini hii tunatumia kipimo kimoja kuliko vyote: je, kijana analazimika kufungua Biblia ili amalize sehemu yake? Kama anaweza kuimaliza bila kusoma, amepaka rangi tu. Kupaka rangi si dhambi, lakini usikiite somo.

Tunazungumzia kundi la vijana 12 hadi 30, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, liwe la Shule ya Jumapili, darasa la kipaimara au kambi ya vijana. Wazo lenyewe lina mizizi katika Maandiko. Kutoka 31 inawataja Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani, mafundi wa hema ya kukutania, na Kutoka 35:34 inaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: Mungu alitia moyoni mwao pia uwezo wa kufundisha. Ufundi na ualimu vilikabidhiwa watu walewale. Swali lililobaki ni vifaa gani vinamsaidia mwalimu wa leo kuvishika vyote viwili.

Seti za vipande vya kuchapa

Hizi ndizo rahisi kuanza nazo. Unanunua faili, unachapa, na unapata picha moja kubwa iliyokatwa vipande, mara nyingi kila kipande karatasi moja ya A4. Kila kijana anapaka chake akifuata namba za rangi, kisha vipande vinaunganishwa ukutani. Kazi nzima inaisha ndani ya dakika 60 hadi 90.

Faida yake ya kweli ni kwamba inaondoa woga. Anayesema hajui kuchora hana tena pa kujificha, na yule fundi wa darasa hana nafasi ya kuwanyang'anya wenzake kazi, kwa kuwa wote wana eneo sawa. Picha inapokamilika kila mmoja anatafuta kipande chake kwa macho, na furaha hiyo ni halali kabisa.

Lakini kwa kipimo chetu seti hizi zinaanguka. Kijana aliyepewa kipande cha 14, ambacho ni bahari tupu, amepaka bluu kwa saa nzima bila kujua ni bahari ya nani. Namba za rangi zimemfikiria kila kitu. Ikitumika ilivyo, tunaipa alama 2 kati ya 5.

Inaokolewa kwa mabadiliko mawili. Kwanza, futa namba za rangi kabla ya kuchapa, au zifunike. Nyuma ya kila kipande andika mstari mmoja wa Biblia na swali ambalo jibu lake linaamua rangi au umbo: ilikuwa saa ngapi? Upepo ulitoka upande gani? Nguo ilikuwa ya nini? Pili, na hili ndilo tunalolipenda zaidi, wape vijana picha ya mfano ya seti pamoja na sura husika, uwaambie watafute picha inapokosana na maandiko. Hawatakosa. Mamajusi huchorwa watatu, wamepiga magoti mbele ya hori, wakati Mathayo 2 haitaji idadi yao na mstari wa 11 unasema waliingia nyumbani. Safina ya Nuhu huchorwa fupi na nene, twiga wakichungulia juu, wakati Mwanzo 6:15 inatoa dhiraa 300 kwa urefu, 50 kwa upana na 30 kwa kimo. Maana yake safina yenye urefu wa sentimita 60 kwenye karatasi iwe na kimo cha sentimita 6 tu, na mlango wake uwe ubavuni kama inavyosema aya inayofuata. Kijana aliyeichora upya kwa vipimo hivyo hawezi kuisahau. Kwa mabadiliko haya alama inapanda hadi 3, labda na nusu mwalimu akiwa makini.

Upande wa ufundi, karibu matatizo yote hutokea kwenye printa. Zima mpangilio unaotosheleza picha kwenye ukurasa na uchape kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Ukichanganya kurasa za asilimia 100 na za asilimia 96, upande wa A4 wenye milimita 297 unapungua karibu milimita 12, na hakuna mstari utakaokutana na mwenzake. Printa nyingi huacha ukingo mweupe. Ukate kwa kisu cha karatasi na rula ya chuma, kwa sababu mkasi hupinda kwenye urefu huo. Nyuma ya kila kipande andika namba kwa penseli na mshale unaoonyesha juu. Mshale husahaulika sana, na kipande cha anga kisicho na mshale ni kitendawili.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hujikunja ikiguswa na rangi ya maji, hivyo itumie kwa krayoni au penseli za rangi tu. Ukitaka brashi, tafuta karatasi ya gramu 160 hadi 200. Rangi zinazovuka mipaka, kama anga na bahari, zichanganywe kwenye kopo moja kwa ajili ya wote, maana bluu 20 tofauti zinaifanya picha ionekane yenye viraka. Na wakati wa kubandika, anza katikati uende nje. Ukianzia pembeni, kosa la milimita 2 kwa kila kipande linajilimbikiza na kwenye safu ya vipande 6 linafika milimita 12. Ukianzia katikati linagawanyika pande mbili na jicho halilioni.

Ukanda mrefu wa kitambaa

Hapa ndipo tunaposimama. Ukanda ni kitambaa kirefu kinachosimulia kitabu au tukio kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kikundi kidogo kikiwa na sehemu yake. Hakuna picha iliyotayarishwa. Vijana wanaamua wenyewe cha kuchora, na hawawezi kuamua bila kusoma. Kwa kipimo chetu ni 5 kati ya 5. Tunapunguza nusu alama kwa sababu unadai mwalimu aliyejiandaa na vipindi vinne, na si kila kundi lina uvumilivu huo.

Kwa mara ya kwanza chagua kitabu cha Yona. Ni kifupi, sura 4 na aya 48, kina mahali pengi pa kuchora, na kila sura inabadilisha mandhari. Kinagawanyika vizuri mara nane: 1:1–3 kukimbia na meli ya Yafa, 1:4–10 dhoruba na mabaharia, 1:11–17 kutupwa baharini na samaki, 2:1–10 sala, 3:1–4 kuingia Ninawi, 3:5–10 toba ya mfalme na mji, 4:1–5 hasira na kibanda, 4:6–11 mtango, buu, upepo na swali la Mungu. Vijana 24 wanatosha kabisa, watatu kwa kila sehemu.

Kitambaa: pamba nzito isiyotiwa rangi, ile merikani, mita 6.5 kwa upana wa mita 1. Ifue kwa maji ya moto na uipige pasi kabla ya kitu chochote. Pamba ambayo haijafuliwa hunywea ikilowa, na ikinywea baada ya kuchorwa mistari, sehemu zote zinapindana. Ile nusu mita ya ziada ni kwa ajili ya hilo. Acha sentimita 5 juu na 5 chini kwa pindo la fimbo, ubaki na eneo la kuchora la mita 6 kwa sentimita 90. Kila sehemu inakuwa na upana wa sentimita 75 na kimo cha 90.

Vipimo hivi vimechaguliwa kwa makusudi. Vijana wanachora rasimu kwenye karatasi ya sentimita 15 kwa 18, moja ya tano ya ukubwa halisi. Wanaigawa kwa miraba ya sentimita 3, wanapata miraba 30, kisha wanachora miraba 30 ya sentimita 15 kwenye kitambaa na kuhamisha mchoro mraba kwa mraba. Asiyejua kuchora anaweza kuhamisha mraba mmoja. Bila miraba, watu hutoka na vichwa vikubwa na miguu isiyo na nafasi.

Kipindi cha kwanza hakina brashi, na usikubali kubembelezwa. Kila kikundi kinasoma aya zake mara mbili kwa sauti na kuandika orodha: nani yupo, ameshika nini, wako wapi, mwanga unatoka wapi, nini kinasikika, na nini maandiko hayasemi. Orodha ya mwisho ndiyo inayozaa mabishano mazuri. Je, Yona alikuwa na ndevu? Alikuwa kijana au mzee? Maandiko hayasemi, na kijana anayegundua mpaka kati ya kilichoandikwa na kile alichozoea kukiona kwenye picha amepata chombo cha kusomea Biblia nzima.

Kipindi hicho kiishe na karatasi ya makubaliano inayobandikwa ukutani. Inasema vazi la Yona ni rangi gani, ndevu zipo au hazipo, mstari wa upeo wa macho uko sentimita 45 kutoka chini katika sehemu zote za baharini, na jua linatoka upande gani. Bila karatasi hiyo, Yona wa sehemu ya pili na Yona wa sehemu ya saba watakuwa watu wawili na mtazamaji atapotea. Rangi ya vazi ichanganywe mara moja, kiasi cha nusu lita, ihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko. Haiwezekani kuichanganya tena ikafanana.

Kipindi cha pili ni rasimu, na hapo mwalimu anafanya kazi yake kubwa: kuzunguka na kuuliza "umeipata wapi?" Kikundi cha sala karibu kila mara kitamchora Yona ameketi tumboni mwa samaki kama ameketi chumbani. Warudishe kwenye sura ya 2. Sala ile inazungumza juu ya gharika na mawimbi yanayopita juu yake, mwani uliozinga kichwa, pande za chini za milima. Hiyo ndiyo picha, na ina nguvu kuliko tumbo. Kikundi cha toba kitamchora mfalme na kusahau wanyama. 3:8 inataka wanyama nao wavikwe magunia, na hakuna kijana asiyecheka kidogo kisha akauliza kwa nini. Muulize yeye kwanza. Jibu lake liko aya ya mwisho ya kitabu, kwenye sehemu ya kikundi kingine, na ni vizuri akatembee hadi kule kulitafuta.

Sehemu ya nane ipe kikundi chenye wasomaji wazuri, si wachoraji wazuri. Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu lisilojibiwa, juu ya mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Namna ya kuchora swali ni mjadala wa nusu saa, na nusu saa hiyo ina thamani kuliko rangi zote.

Kipindi cha tatu ni maeneo makubwa ya rangi: bahari, anga, ardhi, kuta. Cha nne ni sura, mikono, mistari ya mwisho na maandishi ya aya. Kati ya vipindi hivi viwili kitambaa kikauke usiku mzima kikiwa kimetandazwa.

Rangi: ipi ununue

Rangi za maji za shule, za unga au za chupa, ni rahisi kufua na zinafaa kwa karatasi. Kwa kitambaa zikatae. Zikikauka zikiwa nene hupasuka, na ukanda ukikunjwa zinadondoka kama magamba. Rangi za mafuta nazo ziache: zinachelewa kukauka, zinahitaji kiyeyusho chenye harufu kali, na ukumbi uliojaa vijana si mahali pake.

Akriliki, rangi yenye plastiki inayochanganywa na maji, ndiyo bora. Inakauka ndani ya dakika 15 hadi 30 ikiwa nyembamba, haitoki tena, na inapinda pamoja na kitambaa. Ubaya wake ni huohuo uimara: brashi ikiachwa bila kuoshwa imekufa, na nguo iliyochafuka imechafuka. Kila meza iwe na kopo la maji ambamo brashi zinakaa zisipotumika, na vijana wavae nguo za kazi. Usiiongeze maji kupita theluthi moja, la sivyo haishiki vizuri na inasambaa kwenye nyuzi.

Pa kubania gharama ni kwenye msingi. Rangi nyeupe ya maji ya ukutani, isiyong'aa, ipakwe mikono miwili kabla ya kuchora. Eneo letu ni mita za mraba 5.4, na kwa kuwa kitambaa kikavu hunywa rangi nyingi kuliko ukuta, weka lita 1 kwa kila mkono, jumla lita 2. Tandika plastiki chini, na ukinyanyue kitambaa kabla hakijakauka kabisa ili kisigandie. Juu ya msingi huo, akriliki ya nusu lita ya bluu, nusu lita nyeupe, robo lita njano, robo lita nyekundu na mililita 100 za nyeusi inatosha Yona yote. Bluu ni nyingi kwa sababu nusu ya kitabu iko majini.

Nyeusi ifungiwe hadi kipindi cha nne. Ikitoka mapema, vijana wanaitumia kutia giza kila rangi na bahari nzima inakuwa matope. Kutia bluu giza, ongeza tone la nyekundu na tone la njano. Kopo lolote lisizidi rangi tatu. Ya nne inaleta kahawia, hata ukikusudia nini.

Mbao za Nehemia, kwa kundi kubwa

Kama vijana ni zaidi ya 30 au hawaji siku moja, kitambaa kimoja kinasumbua. Tumia vipande vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, milimita 4 au 6, vilivyopigwa msasa na kupakwa msingi pande zote mbili. Upande mmoja tu ukipakwa, ubao unajipinda.

Somo lake liko tayari: Nehemia 3, ukuta wa Yerusalemu ukijengwa sehemu kwa sehemu, na malango kumi kutoka lango la kondoo hadi lango la Hamifkadi. Sura hii hurukwa kwa sababu inaonekana ni orodha ya majina tu. Kijana aliyepewa kuchora aya zake anagundua kwamba wafua dhahabu na wauza manukato walibeba mawe, kwamba Shalumu alijenga pamoja na binti zake (3:12), na kwamba wakuu wa Watekoa walikataa kuinama wafanye kazi (3:5). Huhitaji kuhubiri juu ya ushirikiano. Aliyekaa pembeni na simu atasomewa aya ya tano na wenzake kabla wewe hujafungua kinywa.

Mozaiki ya karatasi, na ukuta wenyewe

Mozaiki ya vipande vya magazeti na manila ni nafuu na inavutia kutoka mbali. Vipande vya sentimita 2 kwa 2 vinahitajika 2,500 kwa kila mita ya mraba, na hapo ndipo inapochosha: kijana anabandika tu. Itumie kwa alama moja, kwa mfano nguzo ya wingu na moto ya Kutoka 13:21, huku mmoja akisoma kwa sauti muda wote. Kuchora ukutani moja kwa moja tunakushauri usianze nako. Ukuta wenye unyevu hubandua rangi, ngazi na vijana haviendani, na kosa halihamishiki.

Ya kukubaliana kabla ya kununua chochote

Zungumza na viongozi wa kanisa na wazazi kuhusu kumchora Mungu na kumchora Yesu. Kwa msingi wa Kutoka 20:4 wapo wasioruhusu kabisa, na mradi uliosimamishwa katikati unawaumiza vijana. Si pengo kubwa: Maandiko yenyewe huonyesha uwepo wa Mungu kwa wingu, moto, upepo na sauti, na vijana wakiambiwa wachore bila umbo la mtu huenda mbali kuliko unavyodhani.

Panga pia zamu. Kila dakika 20 anayechora, anayesoma na anayechanganya rangi wabadilishane. Usipofanya hivyo, mwenye kipaji atachora peke yake na wawili watabaki kuosha brashi.

Kupima kama wamejifunza hakuhitaji mtihani. Siku ya kuzindua, kila kikundi kieleze sehemu ya jirani, si yake, Biblia ikiwa imefungwa, na wenye sehemu wasahihishe. Sehemu isiyoelezeka kwa jirani ama imechorwa vibaya ama haikusomwa, na mara nyingi utajua ni ipi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Ukanda utundikwe kwa fimbo juu na fimbo chini, mbali na jua la moja kwa moja. Ukiuhifadhi, uviringishe upande wenye picha ukiwa nje, ukiwa na karatasi laini katikati, na si kabla ya wiki mbili tangu ulipokauka. Akriliki changa hushikana yenyewe kwa yenyewe, na ukiifungua inang'oka na uso wa Yona.